Mtoto Si Kijiti cha Muhogo

Mvua za masika zilinikuta shambani kwangu hapa Nambale nikikata vijiti vya muhogo vya kupanda. Jirani yangu mmoja alikuwa akipita njia. Tulisalimiana, akaketi kwenye gogo na kunitazama. Kazi yenyewe haina siri: unachagua shina lililokomaa, unakata kipande chenye pingili tano au sita, unakichomeka ardhini, basi. Baada ya kimya kirefu alisema, "Mwalimu, heri muhogo. Ukipanda wako, unavuna wako. Huletewi kitu usichokiomba."

Nilielewa anakozungukia. Miezi michache kabla ya hapo mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa nne, na huyo naye ni msichana. Mama mzazi wa jirani yangu alikuwa ameshasema hadharani kwamba boma lile halina mtu. Tena ng'ambo ya mpaka, katika Busia ya upande wa Uganda, kulikuwa na mwanamke aliyekwisha kutajwa kuwa mke wa pili. Ndugu yangu yule hakuwa amekata shauri. Alikuja kwa katekista akitumaini kuambiwa kwamba ana haki ya kulalamika, na mengine yangefuata yenyewe.

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilimwambia maneno ya kawaida kuhusu subira, akaondoka vile vile alivyokuja. Lakini neno lake kuhusu muhogo halikunitoka moyoni. Hebu tujiulize, wapendwa wanandoa: je, ingekuwa heri binadamu azae kama muhogo? Mtu akikaa na swali hili kwa makini, nadhani ataona pia jinsi anavyopaswa kusema na mwenzake nyumbani.

Kwanza tuutendee muhogo haki. Viumbe vingi huzaa bila kuhitaji mwenzi. Bakteria hujigawa sehemu mbili, na kila sehemu ni kiumbe kamili. Hamira tunayoumulia unga wa mandazi huchipuza kitoto ubavuni, kitoto kikakua na kujitenga. Mama anayechukua marando ya viazi vitamu kwa jirani, mkulima anayekata vipande vya miwa ya mbegu, na yeyote anayehamisha chipukizi la mgomba, wote wanauendeleza mmea ule ule mmoja. Mgomba ulio nyuma ya jiko lako si mtoto wa mgomba wa nyanya yako. Ni ule ule wa nyanya yako, umehama tu. Nyuki nao wana ajabu yao: malkia akitaga yai lisilorutubishwa hutoka nyuki dume, ambaye hana baba, lakini babu anaye. (Niliwaambia vijana jambo hili katika mafundisho ya ndoa, wakabishana hadi giza likaingia.)

Uzazi wa namna hii una faida zake. Hakuna kutafutana, hakuna kungoja, hakuna mahari. Ukipata muhogo mzuri wenye unga mwingi, kila kijiti chake kitakupa unga ule ule. Kwa hiyo jirani yangu hakusema upuuzi.

Ila alisahau batobato.

Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ugonjwa huo ulikuwa umepamba moto katikati ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, upande wa Luwero, ukawa unasonga mwaka baada ya mwaka, hadi katikati ya miaka ya 1990 ukavuka mpaka na kutufikia. Majani ya muhogo yalijikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Ulipong'oa shina ulikuta mizizi membamba kama vidole. Nyumbani kwetu chakula kilikuwa ugali wa muhogo na mtama, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za Busia, kwa hiyo unaweza kukisia hali ilivyokuwa. Baba yangu alipoona shamba limeharibika alikwenda kwa shemeji yake kuomba vijiti vingine. Alirudi na mzigo begani, na ndani ya mzigo ule mlikuwa na ugonjwa ule ule. Batobato huenezwa na wadudu wadogo waitwao inzi weupe, lakini huenezwa pia na mkono wa mkulima, kwa sababu kijiti hubeba kila kitu kilichokuwa katika shina mama: unga wake, utamu wake, na virusi vyake.

Liko jambo moja katika habari hii ambalo hunifikirisha kila ninapolikumbuka. Wataalamu walipovichunguza virusi vile vikali vya Uganda, waligundua kwamba aina mbili za virusi vya batobato zilikuwa zimekutana na kubadilishana sehemu, ikatokea aina mpya. Yaani adui alikuwa amejichanganya, ilhali muhogo wetu ulikuwa ule ule wa jana na juzi, shamba kwa shamba. Uliposhindwa mmoja, ilishindwa yote iliyotokana nao.

Na kinga ilitoka wapi? Wengi hatuangalii, lakini muhogo nao hutoa maua, ya kiume na ya kike, na unaweza kufanya mbegu. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika ya wakati huo, mtaalamu H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walichukua chavua na kuuzalisha muhogo pamoja na jamaa zake wa mbali, hasa mti wa mpira wa Ceará wenye asili ya Brazil. Uzao wa kwanza haukufaa jikoni. Mizizi ilikuwa membamba na migumu. Ikabidi uzao huo uchavushwe tena na muhogo wa kawaida, na tena, na tena. Baadaye ulifika Nigeria, ukaendelezwa na taasisi ya IITA kule Ibadan kuanzia miaka ya 1970, na kutokana nao zikapatikana aina zilizorudi Afrika Mashariki. Mojawapo ni ule tunaouita Migyera, uliotufikia kupitia Uganda. Hapa kwetu kituo cha utafiti cha Alupe kilikuwa miongoni mwa waliozidisha vijiti vyenye kinga. Hata muhogo niliokuwa nikiukata siku ile, jirani yangu akiusifu kwa kutohitaji mwenzi, ulikuwa na baba na mama huko nyuma. Tena mzazi mmoja alikuwa mti ambao hakuna mtu mwenye njaa angejisumbua kuupanda.

Kazi yenyewe haijaisha. Kuanzia mwaka 2004 ugonjwa mwingine, michirizi kahawia, ulianza kuonekana Uganda na baadaye ukafika kwetu, na kinga ya batobato haikutosha kuuzuia. Wakarudi tena kwenye maua.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Waluhya tuna mwiko tunaoujua sote: mtu haoi katika ukoo wake, wala katika ukoo wa mama yake. Sidai kwamba wazee waliouweka mwiko huo walijua habari za virusi na chavua. Walikuwa na sababu zao za undugu na amani. Lakini tazama kinachotendeka. Mwanamume anavuka mto, anapita koo tatu, anatoa ng'ombe, yote hayo ili amlete nyumbani mtu asiye wa damu yake. Kisha mtoto akizaliwa na pua ya upande wa pili, au sauti ya upande wa pili, au ukaidi wa upande wa pili, yule yule aliyetoa ng'ombe anauliza, "Huyu amefanana na nani?" Amefanana na wale uliowafuata, ndugu yangu. Nimewahi kumsikia baba mmoja akitilia shaka mtoto wake kwa sababu ya masikio.

Mahindi yangetufundisha hili kama tungeyatazama. Ua la juu la mhindi hutoa vumbi la kiume, upepo hulipeperusha, nalo huangukia zile nywele za mahindi. Kila unywele huenda kwenye punje moja. Ndiyo maana ukipanda mahindi meupe karibu na ya jirani ya manjano, unaweza kumenya na kukuta punje za rangi mbili katika gunzi moja: mama mmoja, baba mbalimbali. Na mkulima aliyepanda H611, ile mbegu ya Kitale ya mwaka 1964 iliyotokana na mahindi ya huko kuunganishwa na mahindi ya kutoka Ecuador, alijua kwamba ukihifadhi punje zake na kuzipanda mwaka unaofuata, hazitoki sawasawa. Moja ndefu, moja fupi. Hakuna aliyemroga. Urithi wa wazazi wawili hugawanywa upya katika kila kizazi.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo, tena zaidi. Karibu kila seli ya mwili wetu ina nyuzi za urithi, yaani kromosomu, 46, zikiwa jozi 23. Mbegu ya baba na yai la mama hupata nusu tu: katika kila jozi unatoka uzi mmoja, bila mpangilio wa mtu yeyote. Ukihesabu tu njia ambazo jozi 23 zinaweza kuachana, unapata zaidi ya milioni 8 kwa baba, na zaidi ya milioni 8 kwa mama. Mume na mke wakizaa watoto kumi na wawili, hawatampata yule yule mara mbili. Wanaokaribia muhogo ni akina Mukhwana na Mulongo wale waliotokana na yai moja lililogawanyika baada ya kurutubishwa. Hata hao, alama za vidole vyao hazilingani, na mama yao hawachanganyi kwa muda mrefu.

Katika zile jozi 23 iko moja inayoamua mvulana au msichana. Mama ana X mbili, kwa hiyo yai lake lina X siku zote. Baba ana X moja na Y moja. Mbegu yake ikifika na X, ni msichana. Ikifika na Y, ni mvulana. Tulifundishwa haya shuleni, tukayaandika katika mtihani, kisha tukaoa na kuyasahau. Kwa kuku mambo ni kinyume, mtetea ndiye anayebeba tofauti hiyo. Kwa hiyo lawama ambayo wanaume wengi huwatupia wake zao ingefaa kupelekwa kwenye banda la kuku.

Je, sasa tumgeuzie baba lawama? La hasha. Kuna wake waliosikia habari hii kwenye kliniki wakarudi nyumbani wakiwa wamenoa ulimi, "Kumbe ni wewe!" Nyumba haikupata nafuu. Baba naye hachagui. Anatoa mamilioni ya mbegu, karibu nusu za X na nusu za Y, na hajui ipi itafika. Hesabu yake ni rahisi: wasichana wanne mfululizo ni jambo linalotarajiwa katika takriban familia moja kati ya 16 zenye watoto wanne. Wavulana wanne mfululizo pia ni takriban moja kati ya 16. Hesabu majirani zako utawakuta. Jirani yangu alidhani amepigwa na laana, kumbe yuko mahali ambapo kwa vyovyote mtu fulani alipaswa kuwapo.

Hapa naomba niseme la kwangu, maana si vyema kumfundisha mwenzako kana kwamba wewe ulizaliwa unajua. Binti yangu wa tatu alipozaliwa, sikwenda kumwona mke wangu hospitalini hadi siku ya pili. Nilisema ni mvua. Mvua ilinyesha kweli, lakini siku ile ile nilikwenda sokoni Nambale kununua mbolea. Mke wangu hajawahi kunilaumu kwa maneno. Ila hadi leo mvua ikinyesha nikasema siwezi kutoka, hunitazama kidogo, kisha huendelea na kazi yake.

Najua hofu iliyo nyuma ya mambo haya si ya kipumbavu. Watu wanauliza ardhi itabaki kwa nani, nani atawasha moto kwenye boma mzee akilala. Lakini Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981 haikumtenga binti na mali ya baba yake, na Katiba ya mwaka 2010 imelitilia nguvu jambo hilo. Boma lenye mabinti wanne lina watu wanne. Anayesema halina mtu anazungumza habari ya desturi yake, na desturi tunaweza kuizungumza mezani kama watu wazima.

Liko jambo zito zaidi ambalo kulaumiana kunaliharibu, nalo ni selimundu. Eneo letu hili la kuzunguka Ziwa Victoria lina ugonjwa huo kwa wingi, na sababu yake ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti alioufanya Uganda na Kenya ukionyesha kwamba mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana urithi huo umedumu kwetu: umewaokoa wengi utotoni. Lakini wawili wenye urithi huo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, aliyeupokea pande zote mbili. Na kila mimba huanza hesabu upya. Mtoto wa kwanza kuugua hakumaanishi watatu wanaofuata watakuwa salama.

Nimeingia katika nyumba ambamo mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, na ndugu wa mume wamekaa nje wakisema mwanamke yule alikuja na kitu kutoka kwao. Alikuja nacho, ndiyo. Na mume naye alikuwa nacho, tangu kwa babu zake, na yawezekana ndicho kilichomwokoa babu huyo na malaria. Usipopokea kwa baba na kwa mama, ugonjwa ule haupo. Ukimfukuza mke, umefukuza nusu tu ya jambo, nusu nyingine umelala nayo.

Vijana wanaojiandaa kwa ndoa huniuliza: mwalimu, tukipima damu tukakuta wote wawili tunaubeba, tuachane? Mimi simwambii mtu aachane wala aoane. Nawaambia wapime mapema, kabla ya mahari, kabla ya wajomba kuitwa, wakati ambapo kusema ukweli hakumgharimu mtu aibu. Wakiamua kuendelea, wajue tangu mwanzo kwamba mtoto mchanga anapaswa kupimwa, na kwamba ziko dawa na kliniki zinazomsaidia mtoto huyo kuishi na kusoma kama wenzake. Jambo ninalolipinga ni mmoja kujua hali yake na kunyamaza hadi siku mtoto atakapougua.

Nikirudi kwa jirani yangu, nadhani kosa lake lilikuwa katika neno "wako". Muhogo ni wako kwa sababu hakuna mwingine ndani yake. Mtoto tangu dakika ya kwanza ana nusu ambayo hukuitoa wewe, na hata nusu yako hukuichagua. Ukimtazama ukitafuta sura yako, utakuwa ukimtazama na kumkosa. Na mke ambaye kila akijifungua anakaguliwa kama ametoa nakala sahihi au sivyo, huyo amegeuzwa udongo wa kuchomekea kijiti. Sijui mwanamke anayeweza kukaa katika hali hiyo kwa furaha, hata kama anatabasamu mbele ya wageni.

Nilimweleza haya nyumbani kwake, jioni, mkewe akiwapo. Nilitaka wasikie wote wawili kwa pamoja ile habari ya X na Y, ili mmoja asije akamtumia mwenzake kama rungu. Mke alisikiliza akiwa amempakata mtoto, hakusema neno. Mume aliniuliza maswali mawili kuhusu kuku.

Wiki iliyofuata alikuja kuomba vijiti vya muhogo. Alikuja na binti yake mkubwa, wa darasa la sita, mwenye miguu mirefu ya upande wa mama yake. Nilimkatia mzigo wa kumtosha. Suala la yule mwanamke wa ng'ambo hakulitaja, nami sikumwuliza. Alimwambia binti ashike upande mmoja wa mzigo, yeye akashika wa pili, wakateremka kuelekea mtoni wakibishana ni nani anayemburuta mwenzake.